Jeraha la kibofu katika upasuaji wa kujifungua

Jeraha la kibofu katika upasuaji wa kujifungua ni tundu au mpasuko unaotokea kwenye kibofu cha mkojo mtoto anapotolewa kwa njia ya tumbo. Kwa kawaida huwapata chini ya mama mmoja kati ya kila 100 wanaopasuliwa.

Kibofu hulala mbele ya sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, palepale kisu kinapopita, hivyo mara nyingi daktari hukibandua na kukisukuma chini kabla ya kukata. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa kazi hiyo ni ngumu, maana kovu la zamani huwa limekigandisha kibofu kwenye kizazi. Uchungu pingamizi nao huongeza hatari: kichwa cha mtoto kikikwama nyongani, kibofu huvutwa juu na kuvimba. Hatari kubwa zaidi huja kondo la nyuma linapozama ndani ya kovu, na kizazi kikalazimika kutolewa ili damu ikome.

Tundu likionekana mama angali mezani, hutengenezeka vizuri. Mkojo huchuruzika jerahani, au puto la mpira wa mkojo huchungulia. Daktari akiwa na shaka, hujaza kibofu maji yenye rangi ya buluu. Rangi inapotokea ndipo palipotoboka. Tundu la sehemu ya juu hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, aghalabu tabaka mbili, na mpira huachwa siku 7 hadi 14. La chini, karibu na mirija itokayo kwenye figo, linahitaji mikono ya bingwa, kwani mshono mmoja waweza kuuziba mrija.

Balaa ni tundu lisiloonekana. Tumbo hujaa mkojo, au baada ya siku kadhaa mama huanza kuvuja ukeni usiku na mchana: hiyo ni fistula. Si kila fistula ya uzazi hutokana na uchungu wa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11 za Afrika na Asia. 805 kati yao waliipata kutokana na upasuaji.

Mama anayevuja mkojo baada ya upasuaji asiambiwe kwamba ndivyo wazazi walivyo. Arudi hospitali upesi: fistula ndogo ikiwahiwa, huweza kuziba yenyewe kwa kuwekewa mpira wiki chache, bila kupasuliwa tena.