Ritifaa ya ng'ombe ndani ya kompyuta

Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake; ngoa ni uchu, au wivu. Kinachotenganisha ng'oa na ngoa ni kialama kimoja tu, ritifaa. Washairi huitumia pia kuonyesha silabi iliyomezwa, kama katika n'kenda, lakini kwenye ng' kazi yake ni nyingine kabisa: ni sehemu ya herufi, kama h ilivyo sehemu ya sh. Kompyuta haijawahi kuihesabu hivyo, na chanzo chake ni taipureta.

Ili kuokoa vitufe, taipureta ilitumia kialama kimoja kilichosimama wima kufungua nukuu, kuifunga na kuwa ritifaa. Marekani ilipotoa ASCII mwaka 1963, mpango wa kuipa kila alama namba yake katika nafasi 128, ilirithi kialama hicho, ikakipa namba 39 na kukiweka kundi moja na mkato na nukta. Unicode ilikuja mwaka 1991 ikiwa na nafasi tele. Ikaihifadhi ile ya wima, ikaipa ritifaa iliyopinda ya wapiga chapa namba 2019 kwa hesabu ya msingi wa 16, na ikaweka ya tatu, 02BC, inayotambuliwa kuwa herufi halisi. Katika fonti nyingi hizi mbili za mwisho huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Hapo ndipo neno moja lilipopata sura tatu. Ukipiga ng'ombe kwenye programu ya kuandikia nyaraka, kitufe kinatoa ya wima, na mara nyingi programu inaipinda bila kukuuliza. Atakayelitafuta neno hilo kwa ya wima anaweza kuambiwa halimo. Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu. Likifunguliwa kwa mpangilio wa zamani wa Windows, msomaji anakuta ngâ€™ombe. Kwenye simu hasara ni ya fedha. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, lakini alfabeti yake ina ritifaa ya wima peke yake. Ikiingia moja iliyopinda, ujumbe wote unahamishiwa mpangilio mwingine wenye nafasi 70, na tangazo la herufi 150 linalipiwa kama meseji tatu.

Wapo watakaosema msomaji anaelewa tu, hata ritifaa ikiachwa. Kwa ng'ombe ni kweli. Jina la mtu, hata hivyo, halina muktadha wa kulisaidia. Katika lugha ya hifadhidata ritifaa ya wima ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo mtengeneza programu mvivu huipiga marufuku, na Ng'ang'a analazimika kujisajili kama Nganga, jina lisilolingana na kitambulisho chake.

Wengine watauliza kwa nini tusichukue ŋ, kama Kiganda. Herufi hiyo ni nzuri, na kama ingeamuliwa mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoanza kusimamia Kiswahili sanifu, leo tungekuwa tumeizoea. Sasa kamusi, vyeti na ramani zote zina ng', na sioni sababu ya kuvunja maandishi ya karibu miaka mia kwa kosa la mashine. Hoja ya kutumia 02BC ina mantiki zaidi, ila kibodi zetu za kawaida hazina kitufe chake. Tukiishurutisha tutazidisha sura za neno badala ya kuzipunguza.

Mzigo huu ni wa programu, wala si wa mpigaji chapa. Kanuni za Unicode tayari zinaagiza neno lisikatwe penye ritifaa iliyo kati ya herufi mbili, na kwa kuwa ng' haimalizi neno la Kiswahili, kanuni hiyo inatutosha. Kilichobaki ni programu kuzihesabu alama zote tatu kuwa moja inapotafuta na kupanga maneno, na fomu kumpokea Ng'ang'a kwa jina lake lote.