Muhuri wa Kupokelewa

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu, masjala yetu ilikuwa na muhuri wa mpira wenye neno IMEPOKELEWA, na chini yake tarehe. Kila barua iliyoingia ilipigwa muhuri huo kabla ya kuletwa mezani kwangu. Niliuamini sana. Leo napenda kumsimulia msomaji jinsi muhuri ule ulivyonikosesha, na jinsi mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za tovuti, alivyonifumbua macho miaka mingi baadaye.

Ilikuwa mwaka 1986, wakati wa masika. Barua za ofisi ya juu zilitufikia kwa njia mbili: kwa posta, iliyopita katika barabara za matope, na kwa mkono wa dereva yeyote aliyekuwa akija upande wetu. Tarehe 18 Machi dereva alituletea waraka wa wakuu wa vyuo, uliosema kwamba wakufunzi wote wa hisabati wabaki katika vituo vyao hadi mwisho wa mwaka kwa sababu ya upungufu. Niliusoma, ukawekwa katika jalada la nyaraka. Tarehe 25 posta ikaleta barua ya kumhamisha mkufunzi wetu mmoja wa hisabati kwenda mkoa wa mbali. Hiyo iliingia katika jalada lake binafsi. Nilifikiri hivi: waraka ni wa wote, barua ni ya mtu mmoja, na tena imekuja baadaye, bila shaka wakubwa wameamua kumtoa huyu peke yake. Nikamwita, nikamkabidhi barua, naye akafunga mizigo.

Kumbe barua ile iliandikwa tarehe 3 Machi, na waraka tarehe 14. Waraka ndio uliofuta barua. Nilisoma muhuri wa kupokelewa, sikusoma tarehe ya kuandikwa. Alirudishwa mwezi Juni kwa barua fupi iliyotaja kosa la kiofisi. Mama yake mzee, aliyekuwa akiishi naye hapo chuoni na ambaye alimwacha mikononi mwa jirani, alifariki mwezi Mei. Simu ya maandishi ilimfikia baada ya maziko. Hakunilaumu, maana hakujua kwamba waraka ulikuwa mezani kwangu kabla hajaondoka. Nami sikumwambia.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Jioni moja alikuja kunisalimu, akakaa barazani na kompyuta yake, akihangaika na ukurasa ambao mtu huandika jina la mji, na majibu yakatokea papo hapo kadiri anavyoandika.

"Babu, tazama ajabu hii," aliniambia. "Nimeandika 'Mo', nikaendelea hadi 'Moshi'. Majibu ya 'Moshi' yamekuja vizuri, kisha yamefutwa na majibu ya 'Mo'."

"Yamefutwaje, na uliuliza 'Mo' kwanza?"

"Swali la kwanza lilichelewa njiani, Babu. Ukurasa umedhani kwamba jibu lililofika mwisho ndilo jipya."

Nilinyamaza kwa muda. Yeye alidhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kupita alivyotaka.

Tangu siku hiyo niliomba anifundishe habari ya mikondo ya matukio, nami nikatafuta historia yake. Nimeona kwamba ni hadithi ya watu waliopambana na swali lililonishinda mimi: habari zikija kutoka njia nyingi, zitaunganishwaje zitoe neno moja la kweli?

Mwanzo wake unaweza kuwekwa mwaka 1964, pale Doug McIlroy wa maabara za Bell, Marekani, alipoandika kwamba programu zingepaswa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani, anachotoa mmoja akipokee mwingine. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson alilitia wazo hilo katika mfumo wa Unix. Lakini mara nyingi maji hayo yalipita katika bomba moja, kuelekea upande mmoja. Taabu huanza mabomba mawili yanapokutana. Mwaka 1978 Leslie Lamport alitoa makala maarufu juu ya wakati na mpangilio wa matukio katika kompyuta zilizo mbalimbali. Alionyesha kwamba mfuatano wa mambo si jambo la kudhaniwa: ujumbe sharti ubebe alama yake wenyewe, na bila uhusiano wa ujumbe baina ya matukio mawili, huenda pasiwe na namna ya kusema lipi lilitangulia.

Kwenye tovuti, jambo hili lilikua polepole. Mwaka 1995 Brendan Eich alitunga lugha ya JavaScript, na ukurasa ukaanza kuitikia kidole na kipanya cha msomaji. Kufikia mwaka 2005, Jesse James Garrett alipobuni jina la Ajax, kurasa zilikuwa zimeanza kuuliza maswali kwenye seva kimyakimya, bila kupakiwa upya. Kuanzia hapo kila ukurasa ukawa masjala. Vidole vinaleta barua, seva inaleta barua, saa inaleta barua; na watunga programu wakaweka kila moja katika jalada lake, kama nilivyofanya mimi.

Dawa ilitoka kwa watu waliokuwa wakishughulikia picha zinazotembea. Mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak walieleza namna ya kutunga picha hizo kwa kutumia vitu viwili: thamani zinazobadilika mfululizo kadiri wakati unavyopita, na matukio yanayotokea kwa nukta fulani. Baadaye Erik Meijer, Mholanzi aliyekuwa Microsoft, pamoja na wenzake, walitoa maktaba iitwayo Rx mwaka 2009. Fikra yake ilikuwa nyepesi. Orodha ni kitu unachokiendea na kuchota kimoja kimoja. Mkondo wa matukio ni orodha inayokujia yenyewe. Basi lile uwezalo kuifanyia orodha, yaani kuchuja, kugeuza na kuunganisha, waweza kuufanyia mkondo. Baada ya muda mfupi ikapatikana kwa JavaScript, na mwaka 2013 kampuni ya Netflix ikatoa ile ya lugha ya Java.

Mjukuu wangu alinifundisha njia nne za kuunganisha. Ya kwanza ni kuchanganya: mikondo yote humiminwa katika mmoja, na kila tukio hupita kwa zamu ya kufika kwake. Hiyo ndiyo masjala yangu. Ya pili huitwa zipu, na hufanya kama zipu ya koti: la kwanza la huku hushikana na la kwanza la kule, la pili na la pili. Ni njia safi, ila jino moja likikosekana, yote yanayofuata hukaa kombo. Ya tatu huweka habari ya mwisho ya kila mkondo. Ikija mpya upande wowote, zote husomwa pamoja. Ya nne ni kuhama: swali jipya likiulizwa, la zamani huachwa, na jibu lake hata likifika halisikilizwi. Kwa njia hii ya nne aliuponya ukurasa wake.

Nilijiuliza ni ipi ingeniponya mimi. Ya tatu ingenilazimisha kufungua majalada mawili kwa pamoja, na hilo tu lingenishtua. Lakini lisingetosha. Ya nne humfaa anayeuliza mwenyewe, maana anajua lipi aliuliza mwisho. Mimi nilikuwa mpokeaji tu. Kwangu mimi lililobaki ni funzo la Lamport: soma alama iliyomo ndani ya ujumbe. Barua zote mbili zilitoka ofisi moja, zenye tarehe kwa wino. Alama ilikuwepo, nami nilitazama muhuri wangu.

Mwaka jana nilimwendea yule mkufunzi, naye sasa ni mstaafu mwenye mvi kama mimi. Nilimweleza yote. Alikaa kimya, kisha akauliza jambo moja tu: waraka ulifika lini? Nikamwambia, tarehe 18 Machi. Akahesabu kwa vidole. Yeye aliondoka tarehe 28.

"Siku kumi, Mkuu," alisema. "Ulikuwa nao siku kumi."

Nikamjibu ndiyo. Akaniambia ninywe chai, inapoa.