Nywele Zimekuwa Makumbi Baada ya Diani? Paka Nazi Kabla ya Kuosha

Siku tatu za kuogelea Diani na nywele ni makumbi tu. Jua na chumvi zimefanya kazi yake. Alafu unaenda kusuuza na maji ya kisima, manze, hayo nayo ni magumu: yanapita kwa mwamba wa matumbawe, yanabeba chokaa, hata sabuni haitoi povu fiti.

Dawa iko Kwale kwenyewe: nazi. Shida ni wasee huipaka nywele zikishakauka pekee. Unywele ukinyonya maji hufura, ukikauka husinyaa, na hiyo fura-sinyaa ndiyo huuchosha. Watafiti wa India mwaka 2003 walipima mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Nazi pekee ndiyo ilipunguza sana upotevu wa protini, hata kwa nywele zilizoharibika.

So paka usiku, kidogo tu, funga leso, uoshe asubuhi. Kabla ya bahari, lowesha na maji matamu ndio zisinyonye chumvi mob. Ukitoka, suuza hapo hapo. Maji ya mvua ya masika ukiyakinga, usiyamwage; ni laini kushinda ya kisima. Blow-dry ipumzishe.

Ncha zilizopasuka kata. Hakuna mafuta ya kuziunganisha.