Zawadi na Ujira

Oktoba 2004, nchini Afrika Kusini, wanawake wa Nigeria waliifunga Kameruni mabao 5-0 wakatwaa ubingwa wa Afrika; Perpetua Nkwocha peke yake alipachika manne. Furaha haikudumu: waligoma kutoka hotelini hadi walipwe stahiki zao. Miaka 12 baadaye, mjini Yaoundé, waliishinda tena Kameruni, 1-0, mbele ya mashabiki wake. Desemba hiyohiyo, mjini Abuja, mabingwa hao waliandamana hadi Bungeni kudai malipo yao. Julai 2025, mjini Rabat, walitwaa kombe la 10, na Rais wa nchi akatangaza kuwazawadia fedha na nyumba. Wakarimiwe, wanastahili, lakini zawadi ni hisani ya mtoaji, ujira ni haki ya mtendaji.