Fungu la Maria: Kanisa na Elimu ya Binti Usambara

Kila Januari, pale njiapanda ya Mombo, mabinti wa makundi mawili hupishana. Wa kwanza wanapanda mlima. Wana tranka la bati, godoro lililoviringishwa na ndoo, na mzazi kando yao ameshika fomu ya kujiunga na shule. Wanasubiri gari la Soni na Lushoto. Wa pili wameteremka mlima. Wana mfuko mmoja wa nguo, wameongozana na mtu mzima asiye mzazi wao, na wanasubiri basi la Dar es Salaam au Arusha kwenda kufanya kazi za ndani. Umri wao ni ule ule. Huenda wametoka kijiji kimoja na walipokea Komunyo ya Kwanza siku moja.

Dada yangu mkubwa aliteremka Januari 1985. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Miaka mitatu baadaye mimi nami sikuchaguliwa. Lakini kwangu fedha ya shule ya binafsi ilipatikana, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa mshahara wa dada. Nyumba yetu haikuwa ya watu wabaya. Baba alikuwa kiongozi wa jumuiya na tulisali rozari kila jioni. Ndiyo maana kwa miaka mingi nimejiuliza: iliwezekanaje nyumba ya sala kufanya hivyo bila dhamiri kusumbuka? Nimetafuta jibu katika historia ya Kanisa letu milimani, na yale niliyoyapata yananifariji na kunionya pia.

Shule za kimisionari zilifika Usambara mapema. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza Mlalo mwaka 1891, wakafika Vuga mwaka 1895. Upande wetu wa Kikatoliki, watawa Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walianza Gare mwaka 1897. Shirika la Masista wa Damu Azizi, lililoanzishwa huko huko Mariannhill mwaka 1885 na Abate Franz Pfanner, nalo likaja kufanya kazi katika milima hii. Zamani masista hao walivaa kanzu nyekundu, hata wakajulikana kama masista wekundu.

Binti alifundishwa nini wakati ule? Alifundishwa kusoma, katekisimu, kushona, kufua, usafi wa nyumba na bustani. Tusiyadharau mambo hayo. Binti aliyejua kusoma miaka ile alikuwa amepata kitu ambacho mama yake hakuwahi kukiwazia. Lakini tuseme ukweli kuhusu lengo. Mara nyingi alifundishwa ili awe mke mwema wa katekista au wa mwalimu. Waanglikana nao walikuwa hivyo. Kule Mbweni, Zanzibar, Bi Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 aliongoza kwa miaka mingi shule ya mabinti waliokombolewa utumwani. Wengine wakawa walimu wenyewe, jambo kubwa kwa wakati wake, na wengine wakaolewa na walimu wa misheni waliotumwa bara. Mvulana alisomeshwa kwa ajili ya kazi atakayoifanya. Binti alisomeshwa kwa ajili ya mume atakayemtunza.

Tunaikumbuka Injili ya wale ndugu wawili wa Bethania. Martha alihangaika na mapishi, na Maria aliketi miguuni pa Bwana akisikiliza. Kuketi miguuni pa mwalimu, kwa desturi ya Wayahudi, ilikuwa ni kuwa mwanafunzi. Martha alipolalamika, Yesu hakumrudisha Maria jikoni. Alisema fungu alilochagua halitaondolewa. Nadhani kwa miaka mingi Kanisa letu liliwafundisha mabinti kuwa Martha, likasahau kuwaonyesha mahali alipoketi Maria.

Mabadiliko yalikuja polepole, na baadhi yaliletwa na watu kutoka Ireland. Mwaka 1945 Mapadre Warosmini wa Ireland walifika Tanganyika na kupewa eneo letu la Tanga na Usambara. Mmoja wao, Eugene Arthurs, aliwekwa kuisimamia Tanga mwaka 1950, na jimbo lilipoundwa mwaka 1958 akawa askofu wake wa kwanza. Hawa walitoka katika nchi iliyojua uchungu wa kunyimwa shule. Katika karne ya 18 sheria za Waingereza ziliwakataza Wakatoliki wa Ireland kuendesha shule, na mwanamke mmoja wa mji wa Cork, Nano Nagle, akafundisha watoto maskini kwa siri. Baadaye, katika miaka ya 1820, Teresa Ball alianzisha karibu na Dublin tawi la masista wa Loreto. Masista hao walifika Nairobi mwaka 1921, na mwaka 1936 wakafungua Limuru shule ya wasichana wa Kiafrika. Katika shule hiyo Wangari Maathai alimaliza sekondari mwaka 1959. Miaka 45 baadaye alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwetu Tanganyika, masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua sekondari ya wasichana Morogoro mwaka 1957, ile ambayo leo ni Kilakala.

Katika milima yetu, jina la kwanza kwa sekondari ya wasichana ni Kifungilo, karibu na Lushoto. Pale Masista wa Damu Azizi walilea yatima. Miongoni mwao walikuwa watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika, watoto ambao mara nyingi hawakutakiwa upande wowote. Naona fumbo la imani hapo. Mahali palipokuwa kimbilio la watoto wasiotakiwa ndipo penye shule ambayo leo wazazi wa nchi nzima wanatamani binti zao wapokelewe.

Kisha zikaja siasa za nchi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kuanzia mwaka 1969 na 1970 serikali ilitwaa shule nyingi za madhehebu ili mtoto yeyote asome bila kubaguliwa kwa dini. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza. Hayo yalikuwa mema, nasi tulinufaika. Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi ile ile. Watoto wengi walifika darasa la saba na kukuta mlango mwembamba mno. Mlango ukiwa mwembamba, binti aliyetwanga, aliyechota maji na kubeba mdogo wake mgongoni huku kaka yake akisoma hafiki mlangoni kwa nguvu zile zile. Dada yangu alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1989, miaka minne baada ya dada kuteremka, ilifunguliwa Mazinde Juu shule ya sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Mwanzilishi wake alikuwa Padre Damian Milliken, Mbenediktini Mmarekani, na masista wazalendo wa shirika la Mama Yetu wa Usambara wakawa nguzo ya uendeshaji wake. Mabinti wa mwanzo walikuwa wale wa vijijini ambao hawakuchaguliwa kwenda sekondari za serikali. Kwa macho ya dunia walikuwa wameshashindwa. Baada ya miaka michache jina la shule hiyo lilianza kutajwa nchini kwa ufaulu.

Siri ilikuwa nini? Wengi husema ni nidhamu. Mimi nasema ni muda. Tuhesabu pamoja. Katika shule ya bweni ya masista, binti hukaa kwenye prepo kama saa mbili kila usiku, taa inawaka na hakuna anayemwita. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni saa 388 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni zaidi ya saa 1,500. Binti wa kutwa, jioni ile ile, yuko kisimani, yuko kwenye kuni, anapika, analaza watoto, kisha kibatari kinaisha mafuta. Si kwamba huyu wa bweni ana akili kuliko mwenzake. Ameachwa aketi.

Jambo la pili ni malezi. Masista hawakuondoa kazi ya mikono. Binti anafagia, analima bustani, anahudumia mifugo, kisha anarudi kwenye fizikia. Anaongoza sala mbele ya wenzake mia kadhaa. Anasimama kwenye mdahalo na kupingwa hadharani, anajifunza kujibu bila kulia wala kutukana. Anaimba kwaya, anacheza netiboli, anatunza hesabu za kikundi chake. Anapopatwa na shida ya moyo kuna sista au mwalimu wa unasihi wa kumsikiliza. Kazi inabaki, lakini si kazi peke yake inayosema yeye ni nani. Martha na Maria wanakaa ndani ya binti mmoja bila kugombana.

Lakini ndugu msomaji, nisiishie kwenye sifa. Shule hizi zinaendeshwa kwa ada, na ada hiyo iko mbali na mkono wa mkulima wa karoti na kabichi. Shule iliyoanza kwa ajili ya binti ambaye hakuchaguliwa inaweza polepole kuwa ya binti ambaye baba yake ana uwezo. Sisemi hili kuwalaumu masista, maana walimu wanataka mishahara na jiko linataka chakula. Nasema ili tujue kwamba kazi iliyoanza mwaka 1989 haijaisha, na haiwezi kuachiwa masista peke yao.

Sheria nazo zimebadilika. Tangu mwaka 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Shule za kata zimefika karibu kila mahali. Tangu mwaka 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Kwa hiyo swali la baba yangu, nani alipiwe ada, kwa nyumba nyingi limepungua makali. Kilichobaki ni swali la jioni: nani aachwe aketi? Na swali la Januari pale Mombo: nani amemfuata binti huyu kabla hajapanda basi?

Kanisa lina jibu mikononi mwake. Rejesta ya Kipaimara ina majina yote. Mwezi Desemba jumuiya ndogondogo zinaweza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kila aliyemaliza darasa la saba anakwenda wapi. Ukumbi wa parokia ambao usiku umefungwa unaweza kuwashwa taa ya sola, mama mmoja akakaa na mabinti saa mbili wakisoma. Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Linahitaji kaka mtu akubali kuchota maji.

Dada yangu alirudi nyumbani, akaolewa, akasomesha binti zake wote kwa kuuza mboga. Niliwahi kumwomba msamaha. Aliniambia kazi haikumuuma, kwa kuwa alitupenda. Kilichomuuma ni kwamba jioni ile ilipoamuliwa aondoke, baada ya rozari, hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye alitaka nini. Nami nilikuwepo, nimeketi.