Mkanda wa mashine ya kusaga: kagua kabla haujakatika

Mkanda wa injini ya mashine ya kusaga ukianza kulia, wengi wetu hukimbilia kuukaza. Wengine huupaka grisi ili unyamaze. Kukaza husaidia mara nyingine. Grisi haisaidii kamwe, kwani mafuta hulainisha mpira na kuuharibu.

Mikanda mingi ya mashine hizi ina umbo la V. Hushika puli kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo. Mkanda ulioisha huzama hadi kugusa chini ya mfereji wa puli, na hapo utateleza hata ukiukaza vipi. Ukiuona hivyo, au mbavu zinang'aa kama kioo, zina nyufa au nyuzi zimetoka, tafuta mwingine. Tazama na mfereji wenyewe: puli ikiwa imelika, mkanda mpya utaisha upesi.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini na usubiri flaiwili isimame kabisa. Khanga au mkono wa shati ukidakwa na mkanda, humvuta mtu kabla hajapata wa kumzimia injini. Mkanda uwe na kinga ya bati au wavu, na watoto wanaoleta mahindi wakae mbali.

Kupima ulegevu, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Zikiwa mita 1 kutoka moja hadi nyingine, mkanda ubonyee kama milimita 16, karibu upana wa kidole. Ukizidi hapo, kaza. Usipofika, legeza, kwani mkanda uliokazwa mno huua beringi. Kisha vuta uzi ubavuni mwa puli zote mbili. Usipogusa kingo zote sawasawa, puli zimepishana, na mkanda utalika upande mmoja.

Dukani, soma maandishi ya mgongoni. B 75 ni mkanda wenye upana wa milimita 17 na urefu wa inchi 75 kwa ndani. Mashine yenye mikanda mitatu ibadilishiwe yote pamoja, la sivyo ule mpya utabeba mzigo wa wenzake waliolegea. Usiupachike kwa bisibisi. Legeza nati za injini, isogeze, kisha uuvishe kwa mkono. Mkanda mpya hulegea baada ya saa chache za kazi, hivyo upime tena kesho yake.