Udongo, Maji, Hewa na Moto: Habari za Kaure ya Meissen

Wasikilizaji, ninyi mkaao pwani mmepata kuona bakuli za Kichina zilizojengewa katika kuta za misikiti na makaburi ya kale. Vyombo hivyo ni vya kaure. Kwa karne nyingi Wachina na jirani zao walijua kuvifanya, na wafalme wa Ulaya walivinunua kwa fedha nyingi, wasijue siri yake.

Katika mwaka 1701 kijana Johann Friedrich Böttger, aliyekuwa akijifunza kazi ya dawa huko Berlin, alivuma ya kuwa aweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Mfalme wa Prussia akamtaka, naye akatorokea Saksonia, iliyo sehemu ya Ujerumani ya leo. Kumbe aliruka majivu akakanyaga moto! Augustus, mtawala wa Saksonia, akamtia kifungoni amfanyie dhahabu yeye.

Dhahabu haikupatikana. Ndipo mtaalamu mmoja, Tschirnhaus, aliyekuwa akiitafuta siri ya kaure, alipomshirikisha mfungwa yule katika kazi yake. Wakachoma udongo wa namna nyingi, na mwaka 1708 wakafaulu. Siri ilikuwa udongo mweupe safi, uliochanganywa na alabasta iliyosagwa, ukaokwa kwa moto wa zaidi ya digrii 1,300. Tschirnhaus akafa mwaka huo huo.

Mwaka 1710 kiwanda kikawekwa ndani ya ngome ya Meissen ili siri isitoke. Böttger hakuachiliwa ila mwaka 1714, akafa mwaka 1719, umri wake miaka 37. Na kabla hajafa, mafundi walikuwa wamekwisha itorosha siri ile mpaka Vienna.

Baadaye fundi mkuu wa sanamu huko Meissen alikuwa Johann Joachim Kändler. Katika miaka ya 1741 na 1742 alitengeneza mabirika makubwa ya pambo, kila moja kwa mfano wa asili moja katika zile nne za Wayunani wa kale: udongo, maji, hewa na moto. Birika la maji lina Neptune, mungu wa bahari wa Warumi. La hewa lina Juno na tausi wake. La udongo lina mambo ya mawindo.

Wayunani walidhani vitu vyote vimefanyika kwa asili hizo nne. Leo twajua sivyo. Lakini kaure yenyewe ilitoka humo kweli: udongo ulikandwa kwa maji, ukakaushwa kwa hewa, ukaimarishwa kwa moto. Hata mfinyanzi wa kijijini hutumia hivyo hivyo vinne afanyapo chungu.

Watu wayaonapo mabirika yale humsifu Kändler, na ni haki yake. Lakini na akumbukwe pia yule mfungwa aliyedaiwa dhahabu, akalipa kwa udongo.